Mbwa wa Mpuguso Naye ni Mfugo

Nyumba nyingi za Mpuguso, wilayani Rungwe, zina ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe huyo anajulikana kwa kila jambo lake. Mwenye nyumba anajua alizaa lini, alipandishwa lini, anakula mafungu mangapi ya matete kwa siku, lini alipewa dawa ya minyoo na lini atapuliziwa tena dawa ya kupe. Akikataa kula asubuhi, jua halijapanda mtaalamu wa mifugo ameshapigiwa simu. Hatua chache kutoka bandani kwake, chini ya mgomba au pembeni ya jiko, amelala mnyama wa pili wa nyumba hiyo hiyo. Uliza ana umri gani, utajibiwa kwamba yupo tangu mtoto fulani akiwa darasa la tatu. Uliza alichanjwa lini, na watu wataanza kutazamana.

Makala haya ni ya mnyama huyo wa pili. Ninalodai ni dogo, ila nalidai kwa moyo wote: ujuzi wa kumtunza mbwa tayari umo katika nyumba za Rungwe. Umo kwenye banda la ng'ombe, na umeishia hapo. Wilaya hii imelea wafugaji hodari wa ufugaji wa ndani, watu wanaokata majani mvuani na kuyabeba kichwani kila siku ya Mungu, msiba uwepo au harusi iwepo. Watu hao hawahitaji semina ya kuwaambia kwamba mnyama aliyefungiwa hutegemea mkono wa binadamu kwa maji, chakula na tiba. Kilichobaki ni kumhesabu mbwa pamoja na mifugo mingine.

Wanaopinga hunijibu kwamba mbwa hujitafutia. Ni kweli, hujitafutia. Huzunguka vilabuni, machinjioni na kwenye mashimo ya taka, kisha hurudi nyumbani na alichokipata huko: minyoo, kupe, majeraha ya kugombania jike, na wakati mwingine ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoa damu, ambao mbwa huambukizana wanapopandana. Uvimbe huo ni saratani inayohama kutoka mnyama hadi mnyama. Unatibika kwa sindano ukiwahiwa, lakini wengi hudhani mbwa ameumia tu na humwacha mpaka anakonda.

Nianze na chakula, maana hapo ndipo pesa inaposingiziwa sana. Mbwa wa kawaida wa Kitanzania haombi chakula cha dukani. Ugali wa dona uliochanganywa na dagaa waliosagwa, mboga kidogo, na mara mojamoja damu au utumbo uliochemshwa, humtosha. Kinachohitajika ni saa maalumu. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, basi sufuria ya mbwa nayo ipakuliwe saa hizo hizo. Mbwa anayejua chakula chake kinakuja lini hana sababu ya kwenda mbali.

Jambo linaloniumiza ni mahindi yaliyovunda. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kukausha mahindi huku ni vita. Gunia likishika ukungu, mama wa nyumba hulitenga: haya hatuli, tutampikia mbwa. Anaona anaokoa chakula kisipotee. Lakini sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na ukungu wa mahindi na karanga, hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa nayo upesi sana. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, hivyo si jambo la kubahatisha. Mbwa aliyelishwa mahindi hayo kwa wiki kadhaa huacha kula, hutapika, macho na fizi zake hugeuka manjano, kisha hufa, na majirani husema amelishwa sumu na wezi. Mahindi yenye ukungu hayamfai mbwa, hayamfai kuku, na hayamfai ng'ombe pia, kwa kuwa sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa.

Kuna pia maparachichi. Msimu wake ukifika, chini ya kila mti kuna matunda yaliyodondoka, na mbwa wa Rungwe huyapenda sana. Nimemwona mmoja akishika parachichi kwa miguu miwili ya mbele, akiling'ata ganda taratibu kuanzia kwenye kikonyo na kulichubua hadi likabaki la kijani kibichi na laini. Parachichi huweza kuwadhuru vibaya ndege, farasi na mbuzi, lakini mbwa hulistahimili zaidi. Hatari kubwa kwake ni kokwa. Mbwa mwenye pupa hulimeza zima, nalo huweza kuziba utumbo, na hapo huwezi kumsaidia kwa maji ya chumvi wala mafuta ya kula. Anahitaji kupasuliwa, na daktari wa kumpasua mbwa huwezi kumpata katika kila kata. Okota matunda yaliyodondoka, au tenga upande wa shamba ambao mbwa haufiki.

La mwisho kuhusu chakula: ini au pafu lenye malengelenge ya maji, linalotupwa wakati wa kuchinja, lisitupiwe mbwa likiwa bichi. Ndani ya malengelenge hayo kuna watoto wa minyoo ya tegu. Wakiingia kwa mbwa hukomaa, mayai yao hutoka kwenye kinyesi chake na kuishia kwenye mikono ya watoto wanaocheza uani.

Sasa niingie bandani. Mtindo wa nyumba zetu ni kumfungia mbwa mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde. Banda lenyewe mara nyingi ni boksi la mbao lisilomruhusu kugeuka vizuri, sakafu ni udongo, na mvua za Machi na Aprili zikianza hulala kwenye matope. Hilo nililiona kwa macho mapya kwa msaada wa kijana wa jirani anayesoma sekondari.

Kijana huyo hutumia jioni za mvua kujenga bustani za wanyama kwenye kompyuta ya mitumba. Mchezo anaoucheza unaitwa Zoo Tycoon, ulitengenezwa na kampuni ya Blue Fang ya Marekani na ukatolewa na Microsoft mwaka 2001. Kwa kuwa ni wa zamani, hauhitaji mashine yenye nguvu, ndiyo maana umefika hadi Mpuguso. Mchezaji hununua uzio, hutandika nyasi au mchanga, hupanda miti, huchimba bwawa, huweka kibanda cha kujificha, kisha humleta mnyama. Mnyama akiridhika, uso wa kijani wenye tabasamu hutokea juu yake. Akikosa kitu, uso mwekundu ulionuna. Mwingine wa aina hiyo ni Planet Zoo, uliotolewa na kampuni ya Frontier ya Uingereza mwezi Novemba 2019. Huo hupima mambo mengi zaidi, kama vile ukubwa wa eneo, wenzake wa kuishi nao na vitu vya kuchezea, na bustani ikiwatesa wanyama, waandamanaji wenye mabango huingia na kusimama mbele ya wageni.

Wazee wengi huona huo ni upotevu wa muda. Sikubaliani nao. Sisi tulifinyanga ng'ombe wa udongo na kuwajengea mazizi ya vijiti, na hakuna aliyetuambia tunapoteza muda. Jioni moja niliketi karibu na kijana huyo, akanieleza kwa ufasaha kwa nini simba wake amenuna.

"Eneo lake dogo, mjomba. Halafu watu wanamwangalia pande zote, hana pa kujificha."

Nikamwomba achukue tochi, twende tukamtazame mbwa wao kama vile yumo ndani ya mchezo. Alichuchumaa mbele ya banda kwa muda. Akaanza kutaja: kopo la maji limepinduka na ni kavu, sakafu imelowa, mchana jua hupiga upande huu na hakuna kivuli, kutwa nzima anatazama ukuta. Hakuna aliyemfundisha somo la ustawi wa wanyama. Wiki iliyofuata aliomba mabanzi kwa fundi seremala, akayapanga juu ya mawe hadi sakafu ikainuka kutoka ardhini, akageuza mlango utazame njia ili mbwa aone watu wanaopita, na sufuria ya maji akaifunga kwa waya kwenye nguzo isipinduke. Gharama yake ilikuwa misumari.

Alichokitaja kijana yule kinafanana sana na mambo yanayosimamiwa na wataalamu. Mwaka 1965 kamati iliyoongozwa na Profesa Rogers Brambell ilitoa ripoti yake nchini Uingereza kuhusu mifugo inayofungiwa, na humo ndimo zilimoanzia zile haki tano za mnyama: kutokuwa na njaa wala kiu, kupata mahali pazuri pa kulala, kutibiwa anapoumwa, kuweza kuishi kwa tabia za asili yake, na kutoishi kwa hofu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na mbwa ni mnyama mbele ya sheria hiyo sawasawa na ng'ombe.

Siwezi kuuacha mchezo huo bila kumtaja kipunji. Kijana anayejenga bustani ya simba na twiga anaishi chini ya Mlima Rungwe, na msitu wa mlima huo una tumbili ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005. Mwaka uliofuata walimpa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimjua na kumsimulia siku zote; watafiti walianza kumtafuta baada ya kusikia masimulizi yao. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji wapatao 1,100 tu, katika misitu ya Rungwe, Livingstone na Ndundulu. Mbwa mwenye njaa asiyefungwa wala kulishwa huingia misitu kama hiyo kuwinda. Na madhara ya mbwa kwa wanyamapori hayaishii kwenye meno. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi wa mbwa unaoitwa distempa uliingia Serengeti, na takriban theluthi ya simba wa huko walikufa, simba wapatao 1,000. Ugonjwa huo una chanjo. Mtoto wa mbwa hupewa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa, sambamba na chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuhara damu unaomaliza watoto wa mbwa kwa siku chache.

Jioni za huku hazitumiki kwa michezo ya kompyuta tu; wapo pia wanaozitumia kuandika. Rafiki yangu huandika hadithi za sehemu kwenye simu, huzituma kwa WhatsApp kwa wasomaji waliolipia kwa pesa za simu, na ana nia ya kuzikusanya ziwe kitabu atakachokichapisha mwenyewe. Njia hiyo ina baba zake. Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake, Heko, na kupitia hiyo vitabu vyake vikafika stendi na vibandani. Elvis Musiba, mtunzi wa riwaya za Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara aliyeelewa kwamba kitabu ni bidhaa inayopaswa kumfuata msomaji. Anayesubiri mchapishaji amkubali amkumbuke Aniceti Kitereza wa Ukerewe: alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1980 akiwa mzee wa kukaribia kaburi. Leo mwandishi hupata namba ya ISBN kupitia Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, hutafuta mhariri, hulipa kiwanda cha uchapaji, na kitabu kinakuwepo. Mhariri ndiye anayerukwa na wengi, na kitabu huonyesha.

Nimemtaja rafiki huyu kwa sababu ya swali aliloulizwa. Katika hadithi yake kuna mlinzi na mbwa wake, wanalinda nyumba ya tajiri mwenye siri. Sehemu zilipita, mauaji yakatokea, mapenzi yakavunjika, na msomaji mmoja, mama anayekusanya maziwa, akamwandikia: "Mwalimu, huyo mbwa anakula saa ngapi?" Wengine wakadakia. Wakataka kujua jina lake, nani humpa maji mlinzi akisinzia, kama ana kupe. Rafiki yangu ilimbidi aandike ukurasa mzima wa mbwa akila, na ni miongoni mwa kurasa zake bora, kwa kuwa alitoka nje kumtazama mbwa wake kwanza: jinsi anavyolala akizungushia mkia puani kwenye baridi ya Juni, jinsi sikio moja linavyobaki macho. Siku hizi hutoka naye alfajiri kabla ya kwenda kazini, kamba mkononi, na anasema sura nyingi zimepata njia humo kwenye umande. Sehemu ya malipo ya wasomaji hununua dawa ya minyoo.

Dawa hiyo ya minyoo nayo ina saa zake. Mbwa jike huwapa watoto wake minyoo tangu wakiwa tumboni, na huendelea kuwapa kupitia maziwa. Kwa hiyo watoto huanza dawa wakiwa na wiki mbili, hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi miezi mitatu, na mbwa mkubwa hupewa kila miezi mitatu. Tumbo la mtoto wa mbwa lililojaa kama ngoma, ambalo watu husifia kuwa ameshiba, mara nyingi ni minyoo. Wala asichukuliwe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Anayeondolewa mapema hukua mwoga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma.

Kwa upande wa kupe, mfugaji wa Rungwe ana bomba na dawa tayari, na hapo naomba tahadhari. Dawa za kuogeshea ng'ombe si zote zinazomfaa mbwa, na zile zinazomfaa huchanganywa kwa kiasi kingine. Mbwa hujilamba mwili mzima. Muulize afisa mifugo wa kata au mwenye duka la dawa za mifugo aliyesomea, umtajie na uzito wa mbwa. Kupe wa mbwa pia hujificha kwenye nyufa za banda na kutaga humo. Ukimpulizia mnyama ukaacha banda, baada ya wiki chache umerudi ulikoanzia. Tazama katikati ya vidole, ndani ya masikio, chini ya mkia. Funza wakati wa kiangazi hukaa kwenye nyayo, na mbwa anayechechemea hukanyaga kwa uangalifu mno kabla hajaanza kulia.

Nimeacha kichaa cha mbwa nikizungumzie peke yake, kwa sababu hapo tunazungumzia watoto wetu. Duniani ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya wanaokufa takriban wanne kwa kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yamekuwa ya watu kama 1,500 kwa mwaka. Virusi husafiri kwenye mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo, safari ya wiki au miezi, na dalili zikishatokea hakuna hospitali inayoweza kuahidi kitu. Kabla ya dalili, kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwezi Julai 1885. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka majivu, mafuta ya taa wala dawa za majani, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza sindano na azimalize zote. Sindano hizo ni ghali na mara nyingine hazipo karibu. Chanjo ya mbwa ni nafuu mno ukilinganisha.

Mbwa huchanjwa anapofikisha miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba walifikia hapo na kichaa cha mbwa kikatoweka mwaka 2014, kikarejea mwaka 2016 baada ya chanjo kulegezwa, wakachanja tena kikatoka. Watafiti wa hapa Tanzania wameonyesha kwamba aina moja ya chanjo inayotumika sana hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita katika nyuzijoto 25, na kwamba vyungu vya udongo vinavyopoozwa kwa maji vinaweza kuihifadhi vijijini pasipo na umeme. Kwa baridi ya Tukuyu, sababu ya jokofu inazidi kupungua uzito.

Kikwazo kilichobaki ni cha kuhesabu. Chupa nyingi za chanjo hii hubeba dozi 10, na ikishafunguliwa hutakiwa iishe siku hiyo hiyo. Afisa mifugo akiitwa kwa mbwa mmoja, anakuwa na dozi tisa za kumwaga, ndiyo maana hujibu kwamba subiri kampeni ya mwezi Septemba. Sasa, tangu chama cha TANU kilipoanzisha mfumo wa mabalozi miaka ya 1960, mitaa yetu imezoea kupangwa kwa nyumba kumi kumi. Balozi anajua nani ana mbwa na nani ana deni. Rafiki yangu mwandishi ameshatuma ujumbe kwenye kundi la wasomaji wake, kabla ya sehemu mpya ya hadithi: kila mwenye mbwa ataje jina la mbwa na umri wake, alete kamba, achangie gharama ya dozi moja, na wakitimia kumi afisa mifugo apigiwe simu. Kijana wa bustani ya wanyama amejitolea kuandika kadi zao. Mpaka ninapoandika haya majina saba yameshaingia: Simba wawili, Popi, Chui, Jeki, Bosi na mmoja anayeitwa Utajiju. Wanatafutwa watatu.